Tunapovuka Mgunda Mkali

Kuna majira katika maisha ya mama Mkristo ambapo kusali kunakuwa kama kutwanga maji kwenye kinu. Unaamka alfajiri kabla ya watoto, unapiga magoti kando ya kitanda na kuanza Baba Yetu. Kabla hujafika katikati, mawazo yameshakwenda kwenye mchango wa shule, kwenye unga uliobaki debeni, na kwa mume aliyeondoka bila kusema atarudi lini. Jumapili unaimba na wenzako kwaya, lakini moyo umekaa kimya. Hujamkana Mungu, wala hujaacha kanisa. Ila ndani pamekauka, na linakuja swali ambalo huthubutu kumwuliza hata mama mchungaji: Je, Mungu bado ananisikia?

Swali hili si la watu wabaya. Ni la akina mama wengi wanaoaminika, viongozi wa vikundi, walimu wa shule ya Jumapili, wake wa wazee wa kanisa. Sisi tunaoishi Tabora tuna msaada wa kulijibu ambao uko karibu nasi. Ni ile njia ya zamani ya misafara, waliyoipita babu na bibi zetu kwa miguu.

Pori lililoogopwa

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, bidhaa zote zilisafiri vichwani na mabegani mwa watu. Njia kuu ilianzia Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Unyanyembe, yaani Tabora na Kwihara, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Ni mwendo wa kilometa 1,200 hivi. Vitambaa, shanga na waya za shaba vilipanda kwenda bara. Pembe za ndovu ziliteremka kwenda pwani. Na pamoja na pembe waliteremshwa watu, wanaume kwa wanawake, wamefungwa minyororo ili wakauzwe. Hatuwezi kuisimulia njia hiyo bila kuwakumbuka, maana miongoni mwao walikuwamo akina mama walionyang'anywa watoto wao.

Wapagazi walioijua njia hiyo kuliko wengine walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na tena mkeka wake na chakula chake. Wengi walifuatana na wake zao, nao walibeba vyungu, chakula na watoto mgongoni. Sifa ya watu hao ndiyo tunayoisikia mpaka leo katika msemo: mzigo mzito mpe Mnyamwezi.

Lakini hata Mnyamwezi alikuwa na mahali alipopaogopa. Kati ya Ugogo na Unyamwezi palikuwa na pori kubwa la vichaka na miiba lililoitwa Mgunda Mkali, maana yake shamba kali. Ni upande ule ambao leo abiria wa treni huupita akiwa Manyoni na Itigi. Wasafiri Richard Burton na John Speke walilivuka mwaka 1857, na Henry Stanley akalivuka mwaka 1871. Maji yalikuwa mbali na mbali, na wakati wa kiangazi kisima kilichokuwa na maji mwaka jana kingeweza kuwa tope tupu mwaka huu.

Hata hivyo misafara ililivuka, mwaka baada ya mwaka. Walivukaje? Walikuwa na mwendo wao maalumu, walioutaja kwa jina la terekeza. Adhuhuri walipika na kula wakiwa bado karibu na maji. Wakajaza vibuyu. Jua lilipoanza kupungua makali wakajitwika mizigo, wakatembea mpaka giza likawafunika. Usiku walilala mahali pasipo maji, kila mtu na kibuyu chake. Alfajiri wakaamka na kuendelea mpaka kisima kilichofuata.

Tukiutazama mwendo huo vizuri tutaona mambo yanayotufaa sisi akina mama tunapopita katika ukavu wa roho.

Ukavu si kupotea njia

Jambo la kwanza: hakuna mpagazi aliyefika katikati ya Mgunda Mkali akasema, "Hapa hapana maji, basi tumepotea njia." Kila mtu alijua kwamba njia ya kwenda Tabora inapita hapo hapo. Ukavu ulikuwa sehemu ya njia.

Siku hizi tunasikia mahubiri mengi yanayosema kwamba mwenye imani ya kweli hapungukiwi. Ukiwa na shida, imani yako ni ndogo. Ukilia, umekosa shukrani. Maneno hayo huwaponda akina mama ambao tayari wana mizigo yao, nao huongeza juu ya shida ile aibu ya kuwa na shida. Lakini Biblia haisemi hivyo. Katika Zaburi ya 13 mwenye zaburi anamwuliza Mungu waziwazi ni mpaka lini atamsahau, naye anarudia kuuliza mara nne. Malalamiko hayo hayakufutwa katika Biblia. Yamehifadhiwa humo kuwa sala, ili nasi tukikosa maneno tuyatumie.

Tumtazame na nabii Eliya katika 1 Wafalme sura ya 19. Alikuwa ametoka kushinda vita kubwa ya imani mlimani Karmeli, lakini siku chache baadaye alikaa chini ya mti jangwani akaomba afe. Mungu hakumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate uliookwa na gudulia la maji, akamwacha alale tena. Kisha akamwamsha mara ya pili ale, kwa sababu safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Angalia vizuri, mama: kabla ya sauti ya Mungu kusikika mlimani, kilitangulia chakula na usingizi. Pengine nawe unayedhani imani yako imekufa umechoka tu. Umelala saa nne kwa usiku kwa mwezi mzima, unakula ukoko baada ya wote kushiba, na mtoto mchanga yuko kifuani. Kupumzika na kula sawasawa si udhaifu wa kiroho.

Maji huchotwa kabla ya safari

Jambo la pili: kibuyu hakikujazwa katikati ya pori. Kilijazwa kwenye kisima, wakati maji yapo.

Ndivyo ilivyo katika maisha ya sala. Kuna siku neno la Mungu linaingia lenyewe, moyo una furaha, na machozi ya shukrani yanatoka bila kulazimishwa. Hizo ndizo siku za kujaza vibuyu. Jifunze kwa moyo mistari michache ya Maandiko, si mingi, mitano tu inatosha. Andika katika daftari la watoto lililobaki kurasa siku ambayo Mungu alikutendea jambo, na tarehe yake. Zifundishe familia sala fupi za kusali pamoja kabla ya kulala, hata kama mume hayupo.

Siku ya ukavu itakapokuja, usijilazimishe kutunga maneno mapya. Kunywa ulichochota. Sema Baba Yetu polepole, neno kwa neno, ukiwa unachochea moto au unapalilia. Soma zaburi moja, siyo sura tano. Fungua daftari lako uone tarehe zile. Kusali bila kuhisi kitu bado ni kusali. Mke anayempikia mume wake siku ambayo moyo wake hauna furaha amempenda kweli siku hiyo, pengine kuliko siku ya sherehe.

Hakuna aliyevuka peke yake

Jambo la tatu: aliyebaki nyuma peke yake katika Mgunda Mkali alikuwa hatarini. Ndiyo maana msafara ulikuwa na kiongozi wa mbele. Pembe kubwa ya ndovu iliyomshinda mtu mmoja ilifungwa kwenye mti, ikabebwa na wawili.

Mtume Paulo anazungumza habari za mizigo mara mbili katika Wagalatia sura ya 6. Katika mstari wa 2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Katika mstari wa 5 anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Wengine huona maneno haya yanapingana, lakini mpagazi wa zamani angeyaelewa mara moja. Mzigo wake wa kawaida alijitwika mwenyewe bila kunung'unika. Pembe kubwa aliita mwenzake.

Basi tujiulize: upi ni mzigo wangu wa kawaida, na ipi ni pembe kubwa? Kupika, kufua, kulima, kuwalea watoto katika adabu, kumvumilia mume aliyerudi na uchovu, hayo ni ya kila siku, na Mungu hutupa nguvu za kila siku. Lakini kupigwa ndani ya nyumba si mzigo wa kujitwika kimya kimya. Ulevi unaomaliza chakula cha watoto, deni lisilolipika, kufiwa, huzuni inayokufanya ushindwe kuamka kwa wiki kadhaa, hizo ni pembe kubwa. Mwambie mtu. Mwambie mchungaji au padre, mshenga, mama wa ubatizo, au mwenzako mmoja wa WAWATA au wa umoja wa wanawake ambaye umeona kinywa chake kina mlango. Na nyumba ikiwa na hatari, toka na watoto kwanza, maongezi yatafuata.

Nasi tulio katika vikundi tuwe watu wa kuambiwa. Mara ngapi mama hukosa kuja jumuiyani kwa majuma matatu, na kinachofanyika ni kumjadili? Tusimjadili aliyechelewa. Tumrudie.

Njia ya mkato gizani

Tuseme mama mmoja wa Urambo ana eka mbili za tumbaku pamoja na mumewe. Mbolea wameichukua kwa mkopo kupitia chama chao cha msingi, na deni litakatwa kwenye mauzo. Wamepanda, wamechuma, wamekata kuni na kukesha kwenye bani. Sasa tumbaku imeuzwa, malipo bado. Mtoto wa mwisho ana homa inayokwenda na kurudi. Mume amekuwa mkali. Mama huyu ameomba siku nyingi na haoni kitu. Ndipo jirani anamwambia kwa sauti ya chini: "Mwenzangu, hilo si la kawaida. Kuna mtu ana kijicho nawe. Nikupeleke kwa mzee mmoja, hakuna atakayejua."

Hapa ndipo vita yenyewe ilipo, nasi tusijidanganye kwamba haipo makanisani mwetu. Wengi wanaokwenda usiku kwa mganga wa ramli hawaendi kwa sababu wanamchukia Yesu. Wanakwenda kwa sababu wamechoka kungoja. Mganga anajibu siku hiyo hiyo. Anataja jina.

Na jina hilo ndilo sumu. Mara nyingi huwa ni la mama mkwe, wifi, au bibi kizee wa jirani mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Katika mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa, vikongwe wasio na hatia wameuawa kwa tuhuma kama hizo. Kwa hiyo mama, unapokataa kwenda kupiga ramli unailinda imani yako na pia maisha ya mtu mwingine.

Homa ya mtoto ina njia yake. Mpeleke zahanati leo, apimwe malaria, apewe dawa, ammalize dozi. Omba ukiwa njiani na omba ukiwa kwenye foleni. Kumtumaini Mungu na kumeza vidonge havijawahi kugombana, na yeyote anayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani asikilizwe na mwingine. Deni nalo lina njia yake: kaeni wawili, wewe na mume, mwandike kilichopo na kinachodaiwa, mwende chamani pamoja mkaulize. Mara nyingi hofu kubwa iko katika kile ambacho hakijahesabiwa.

Katika Mwanzo sura ya 21 tunamkuta Hajiri katika nyika ya Beer-sheba. Maji yamemwishia katika kiriba, amemlaza mtoto chini ya kijiti, amekwenda kukaa mbali ili asimwone akifa. Mungu alisikia sauti ya yule mtoto, akamfumbua mama macho, akaona kisima. Tunaamini kwamba mara nyingi msaada wetu uko hivyo: uko karibu, lakini hofu imetufumba macho.

Pale ambapo hatupewi maelezo

Lakini tuseme ukweli, kwa sababu wapo wasomaji wetu waliozika watoto. Si kila mama hufumbuliwa macho akaona kisima kwa wakati.

Mwaka 1873 David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake kwa zaidi ya kilometa 1,500. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, ambako mwaka uliotangulia Livingstone mwenyewe alikuwa amekaa Kwihara miezi mitano akingoja wapagazi. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Historia inawasifu sana wanaume hao, na wanastahili. Lakini katika msafara huo walikuwamo pia wanawake na watoto. Alikuwamo msichana wa miaka kumi aliyeitwa Losi. Siku moja alikuwa anatembea na wenzake, amejitwika mtungi wa maji. Nyoka akatokea, akamwuma paja, na kabla ya muda mrefu kupita mtoto alikuwa amekufa.

Alikuwa amebeba maji. Alikuwa anatumika. Kwa nini yeye? Hatuna jibu, na tunawaomba ndugu zetu wasiwape wafiwa majibu ya haraka makaburini. Kumwambia mama kwamba Mungu alihitaji ua bustanini mwake hakumfariji. Marafiki wa Ayubu walifanya vizuri siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu. Msibani, teka maji, pika uji, ogesha watoto wa mfiwa, kaa naye. Na usimwache arobaini ikipita.

Yuko mtu mwingine wa njia hiyo tunayependa akina mama wamfahamu. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, Afrika Magharibi. Akiwa mtoto mdogo aliibwa na kuuzwa utumwani, akavushwa jangwa la Sahara. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana kama White Fathers, walimkomboa huko Algeria, akabatizwa, akasomea utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja kwetu, akatembea na msafara kutoka pwani mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alifika mwaka 1889, akawa tabibu na katekista hapo hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Alimwoa Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph akawa padre.

Hatusemi kwamba Mungu alipanga aibiwe. Wizi wa watoto ni dhambi ya wezi, na machozi ya mama yake hayakuwa mchezo. Tunachokiona ni kwamba mtoto aliyebebwa kwa nguvu akawa mtu mzima aliyesafiri kwa hiari, katika nchi ya misafara ile ile ya watumwa, ili kuwatibu wengine. Uovu haukupata neno la mwisho juu yake. Na neno la Mungu kwake halikuja kwa kishindo cha siku moja. Lilionekana katika asubuhi moja baada ya nyingine, vidonda, homa na wajawazito, kwa miaka 67.

Mahali panapoitwa Tura

Msafara uliotoka pwani ulipomaliza Mgunda Mkali ulifika kijiji cha kwanza cha Unyamwezi, kiitwacho Tura. Leo kuna kituo cha reli hapo. Burton aliandika kwamba maana ya jina hilo ni kutua mzigo, na sisi tunaosikia Kinyamwezi hatushangai. Mpagazi aliyefika hapo alishusha mzigo chini, akanyoosha shingo, akanywa maji.

Zaburi ya 55, mstari wa 22, inatualika tumtwike Bwana mizigo yetu, na ahadi inayofuata ni kwamba yeye atatutegemeza. Haisemi kwamba mizigo itatoweka. Inasema tutategemezwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya imani na bahati nasibu.

Basi wiki hii, mama, tunakuomba ufanye mambo matatu. Chagua mstari mmoja ujifunze kwa moyo, huo ndio kibuyu chako. Taja pembe yako kubwa kwa mtu mmoja unayemwamini, kabla ya Jumapili ijayo. Na mtembelee mwenzako mmoja ambaye hajaonekana jumuiyani, usimwulize kwa nini, mpelekee hata embe mbili na ukae naye.

Usiku, kazi zikiisha na watoto wamelala, usihangaike na hesabu za safari nzima. Wapagazi hawakulala Mgunda Mkali wakiihesabu njia yote ya Ujiji. Walikihesabia kisima cha kesho. Mwambie Mungu mzigo wa leo kwa jina lake, mwambie kwamba unautua kwake, kisha lala. Kesho utaamka, utaukuta Mungu ameushika upande mmoja, nawe utashika wa pili.